Mwanzi wa Futi Saba

Boksi hupimwa kwa matairi, si kwa barabara.

Katika kijiji cha Ihongele methali hii hutamkwa hata na watu ambao hawajawahi kugusa trekta. Husemwa kwenye vikao vya harusi, kwenye vikao vya shule, na mara nyingine msibani, mtu anapotaka kuagiza jeneza linalozidi mlango. Siku vijana wa kikundi cha wafugaji walipokutana kwenye kituo cha maziwa kuchagua tangi jipya la kupoozea, Mzee Onesmo Ngole, aliyekuwa katibu wa kikundi kwa miaka kumi na tisa, aliisema mara moja, kisha akaendelea kunywa chai yake.

Shukuru, katibu mpya, alikuwa amekwisha kuandika ubaoni: lita elfu tatu. Akageuka na chaki mkononi.

"Babu, sisi tunachagua tangi. Boksi na matairi vimeingiaje hapa?"

"Hujui ilikotoka?"

"Najua maana yake. Usijikweze."

"Hiyo siyo maana yake," mzee alisema. "Ingekuwa hiyo, tungesema usijikweze, tukaokoa maneno."

Vijana wakacheka. Mmoja akamwambia Shukuru aweke chaki chini, maana babu akisogeza kikombe pembeni si wa dakika tano. Kweli, Mzee Ngole alikuwa amekisogeza. Chimbuko la msemo huo, aliwaambia, limo ndani ya siku tano za Novemba, Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye aliziona zote, na asiyoyaona aliyasikia kwa mwenyewe aliyeshika usukani.

Wakati huo Ihongele haikuwa na kituo cha maziwa. Ilikuwa na ng'ombe wa maziwa zaidi ya mia mbili na barabara ya udongo ya kilomita tatu kutoka kijijini hadi lami. Kila asubuhi watu walibeba madumu kichwani na kwenye baiskeli kuwahi gari la mnunuzi lililosimama lami. Masika madumu yalianguka pamoja na wabebaji. Maziwa yaliyochelewa yalirudishwa nyumbani, na nguruwe wa Ihongele walinenepa kuliko watoto.

Kiwanda kimoja cha maziwa kikakubali kuleta lori lake la tangi hadi kijijini kwa sharti moja: barabara ichongwe kabla ya mvua kubwa, iwe na mgongo katikati na mitaro pembeni. Dereva wa kiwanda angekuja kuijaribu Ijumaa ya wiki ya pili ya Novemba. Akipita, angerudi kila siku. Akikwama, lori lingepangiwa kata nyingine, na Ihongele ingesubiri mwaka mzima.

Hadi hapo barabara ile ilitengenezwa kwa majembe, kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Kila kaya ilipewa kipande chake, na kipande kilipimwa kwa mwanzi wa mwenyekiti. Ulikuwa mwanzi mkavu wa futi saba kamili, mweusi kwa moshi wa darini, na Mwenyekiti Zakaria Kilasi aliurithi kwa baba yake pamoja na cheo, ingawa cheo alipigiwa kura. Kila kaya ilichimba mianzi kumi. Wajane walichimba mianzi mitano. Ugomvi wa mpaka ukitokea, mwanzi uliletwa, ukalazwa chini, na ugomvi ukaisha. Ndiyo maana watu wa Ihongele walikuwa na mazoea ambayo huenda hayapatikani kwingine: wakitajiwa kazi yoyote ya barabara, jambo la kwanza waliipima barabara. Ilikuwa na upana wa mianzi miwili, futi kumi na nne, na kila mtoto alilijua hilo kabla ya kujua jedwali la mbili.

Kikundi kilikuwa na trekta dogo la nguvu farasi ishirini na tano, la kulimia na kubebea majani ya ng'ombe. Dereva wake alikuwa Avelina Mtewele, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja aliyejifunza kuendesha kwenye shamba la chai. Alichaguliwa kwa kura mbili zaidi ya Gaitani Mbilinyi, na Gaitani hakuzisahau zile kura mbili.

Ni Avelina aliyeleta habari ya boksi. Alikuwa ameliona kule kwenye chai: sanduku la chuma lisilo na sakafu wala kifuniko, lililo wazi kwa mbele, lenye wembe mrefu nyuma na ubavu kila upande. Hufungwa kwenye mikono mitatu ya nyuma ya trekta. Likishushwa, wembe hukwangua penye kilima, udongo hujaa ndani, kisha hujimwaga wenyewe penye shimo. Kijiji kikakubali likachomelewe kwa fundi mjini. Likabaki swali la ukubwa.

Kwenye mkutano, Mwenyekiti Kilasi alisimama na mwanzi wake.

"Barabara yetu ni mianzi miwili," alisema. "Boksi likiwa na urefu wa mwanzi mmoja, Avelina anakwenda lami kwa upande wa kulia, anarudi kwa upande wa kushoto. Kwenda na kurudi, kazi imekwisha. Nani ana swali?"

Watu walipiga makofi. Hesabu ilikuwa safi. Avelina akanyoosha mkono.

"Baba Mwenyekiti, shikamoo. Hivi trekta litaliweza?"

"Marahaba. Binti, trekta hilo halivuti tela lenye magunia thelathini ya viazi?"

"Linavuta, baba."

"Boksi lina magunia mangapi?"

"Halina hata moja."

"Basi umejijibu."

Mkutano ukacheka. Avelina akaketi. Alijua kwamba tela na boksi ni vitu viwili. Tela lina magurudumu yake, ukilivuta, linakufuata. Boksi linauma ardhi, linajaa udongo, na kwa kila hatua linaongeza uzito. Lakini hilo alilijua bila kuwa na namba yake. Boksi la shamba la chai lilivutwa na trekta kubwa mara tatu ya hili, na yeye hakuwahi kulipima. Mtu asiye na namba akibishana na mwenye mwanzi, hushindwa hata kama ana haki.

Gaitani ndiye aliyetumwa mjini, akapanda juu ya lori la viazi na mwanzi umelala pembeni yake. Fundi Nyagawa, mchomeleaji, aliupokea, akaugeuzageuza.

"Trekta gani?"

"Dogo, jekundu."

"Nje ya tairi hadi nje ya tairi ni kiasi gani?"

"Kaka, mimi nimeleta kipimo, sikuleta maswali."

Fundi akatengeneza boksi lenye urefu wa mwanzi ule, bila kuzidi wala kupungua. Hakuna wa kumlaumu. Aliuliza.

Boksi lilifika Jumatatu asubuhi, na wanaume wanane walilishusha. Lilipakwa rangi ya bluu na lilipendeza. Avelina alirudi nyuma na trekta, wakafunga pini, naye akavuta mkono wa kunyanyulia. Boksi likapanda. Papo hapo akahisi usukani umekuwa mwepesi mikononi mwake, kama wa baiskeli ya mtoto. Boksi nyuma lilikuwa zito kiasi kwamba magurudumu ya mbele yaligusa ardhi kwa adabu tu.

Kijiji kizima kilikuwa pembeni ya barabara. Akashusha boksi, akaingiza gia ya kwanza, akaondoka.

Hatua kumi za mwanzo zilikuwa nzuri. Udongo mwekundu ulijikunja mbele ya wembe na akina mama wakapiga vigelegele. Hatua ya kumi na tano boksi likawa limejaa, na injini ikaanza kunguruma kwa sauti nzito. Hatua ya ishirini matairi ya nyuma yakazunguka palepale, yakachimba mashimo mawili. Avelina akanyanyua boksi kidogo, likapita juu ya udongo bila kukata kitu. Akalishusha, matairi yakachimba tena. Penye mteremko, upande mmoja wa wembe ulishika jiwe, na kwa kuwa ulikuwa umetokeza mbali nje ya tairi, ulilizungusha trekta zima likaelekea mtaroni. Alilisimamisha likiwa limebakiza hatua moja.

Kufikia saa sita alikuwa ameharibu hatua arobaini za barabara. Zilikuwa mbaya kuliko zilivyokuwa Jumapili.

"Trekta linajua aliyekaa juu yake," Gaitani alisema kwa sauti ya kutosha watu wote. "Linataka mwanaume."

Avelina alizima injini, akashuka. "Kiti hicho, kaka. Bado kina joto."

Gaitani akapanda. Yeye hakutaka mambo ya kunyanyua na kushusha; alishusha boksi lote, akakanyaga mafuta hadi mwisho. Moshi mweusi ukapanda, matairi yakarusha udongo hadi kwenye nguo za watu, na magurudumu ya mbele yakainuka juu kiasi cha kupitisha kuku. Kisha kukasikika mlio mmoja wa chuma. Pini ya mkono wa kushoto ilikuwa imejikunja. Gaitani akashuka taratibu, akaangalia tangi la mafuta.

"Dizeli hii," alisema, "ina maji."

Hakuna aliyecheka. Zilibaki siku nne.

Jioni ile Mwenyekiti Kilasi alimwita Avelina nyumbani. Hakumkaripia. Alimwambia jambo moja tu, na alilisema kama mtu anayetangaza tarehe: kama lori halitapita Ijumaa, kikao cha Jumamosi kitamtaja dereva, kwa kuwa boksi halina mdomo na mwanzi hauna kosa. Avelina akajibu kwamba amesikia. Alikuwa na ng'ombe wawili na mama mgonjwa wa miguu aliyebeba madumu miaka ishirini. Alifahamu vizuri kitakachotajwa.

Mtu aliyeungua na uji hupuliza hata maji ya kunywa. Jumanne mwenyekiti alikwenda mwenyewe kwenye shamba la parachichi ng'ambo ya mto kuazima boksi dogo walilosawazishia njia za miche. Lilikuwa la futi nne. Watu wawili walilibeba.

"Sasa hili," mwenyekiti alisema, "hata punda atalivuta."

Ni kweli, trekta lililivuta bila hata kubadilisha sauti. Jumanne mchana na Jumatano kutwa Avelina alikwenda na kurudi. Udongo ulikatwa, mashimo yakafukiwa, watu wakapumua. Lakini kila alipogeuka nyuma aliona jambo ambalo hakulipenda: pembeni mwa kila mkondo uliolainishwa kulikuwa na mstari mwembamba wa tairi, umeshindiliwa, wenye meno ya mpira. Akipita tena kuufuta, aliacha mwingine. Alipita mara sita mahali pamoja, na mara sita barabara ikabaki na mistari kama shati la mfungwa.

Jumatano saa kumi alasiri yalishuka manyunyu. Hayakufika hata robo saa. Avelina alisimamisha trekta, akashuka kuyatazama maji. Barabara yenye mgongo humwaga maji mitaroni. Maji yale hayakwenda mtaroni. Yaliingia kwenye mistari ya matairi na kuifuata, yakateremka katikati ya barabara kuelekea bondeni, yakibeba udongo aliousawazisha asubuhi.

Alisimama pale hadi manyunyu yalipokatika. Kisha akamwendea Mwenyekiti Kilasi, aliyekuwa ameegemea mwanzi wake pamoja na wazee wengine.

"Baba, naomba mwanzi."

Akampa. Avelina akaulaza chini, nyuma ya trekta, ukikatiza matairi yote mawili. Ukazidi huku na kule. Akatoa kisu cha kukatia majani, akatia alama ndogo penye ukingo wa nje wa tairi la kushoto na nyingine penye ukingo wa nje wa tairi la kulia.

"Unapima nini, binti?"

"Matairi, baba."

"Barabara iko huku."

"Barabara haivuti kitu, baba."

Gaitani, aliyekuwa karibu, hakuweza kujizuia.

"Jumatatu lilikuwa kubwa, leo ni dogo," alisema. "Kesho mama atataka la mviringo."

"Njoo hapa, Gaitani," Avelina alisema. "Chuchumaa. Ukingo wa boksi ni huu. Ukingo wa tairi ni ule. Weka vidole katikati. Vinaingia vingapi?"

Gaitani akachuchumaa, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama. "Vinne."

"Na upande ule?"

Akazunguka. "Vinne."

"Hivyo ndivyo vinavyoharibu barabara. Boksi linafuata nyuma. Kazi yake ya kwanza ni kufuta alama ya trekta lenyewe. Hili halifiki kwenye alama. Ninachokijenga kwa wembe nakikanyaga kwa tairi, siku nzima."

Mwenyekiti Kilasi akajisogeza. "Na lile la bluu? Lile lilizifikia alama."

"Lilizifikia, likazipita kwa futi moja na robo kila upande. Kila inchi ya wembe inabeba udongo wake, baba, na trekta hili halina nguvu ya kubeba udongo wote huo. Na kile kilichotokeza mbali nje ya tairi kikishika jiwe, kinatupeleka mtaroni."

"Kwa hiyo?"

"Lizidi matairi kidogo tu. Vidole vinne huku, vinne kule. Lifute alama zake, lisibebe cha ziada."

Alipima vidole vinne nje ya kila alama, akatia alama mpya. Mzee Ngole, ambaye wakati huo alikuwa kijana na ndiye aliyekuwa na futi ya chuma mfukoni, alipima kati ya alama hizo mbili. Ilikuwa futi tano kamili.

"Kwa futi tano," mwenyekiti alisema polepole, "hatumalizi kwa kwenda na kurudi."

"Hapana, baba. Ni mara nne. Mara tatu kuukata upana wote, na ya nne kuweka mgongo."

"Mimi niliwaambia watu ni mara mbili."

Ni kweli aliwaambia.

Mwenyekiti aliutazama mwanzi ukiwa chini. Kisha akanyoosha mkono kwa mtu aliyekuwa na panga, akapewa. Mzee mmoja akamshika bega.

"Zakaria, huo ni wa baba yako. Fundi ana futi yake. Mpigie simu, mwambie tano."

"Fundi alipewa kipimo kibaya na mkono wangu," mwenyekiti alisema. "Atapewa kizuri na mkono huohuo."

Ngole akampimia futi tano kutoka ncha moja, naye akapiga panga mara moja. Kipande cha futi mbili kikabingirika pembeni.

"Haya! Na vipande vya msaragambo je?" mama mmoja akapaza sauti. "Mwanzi umekatwa, sasa tutaibiana!"

Ngole alikuwa amekwisha kupiga hesabu. "Mianzi kumi ya futi saba ni futi sabini. Mianzi kumi na minne ya futi tano ni futi sabini. Wajane watachimba saba badala ya mitano. Hakuna aliyeibiwa hata inchi."

"Hata inchi?"

"Hata inchi, mama."

"Basi mngeukata zamani, ulikuwa unagonga mlango wangu," yule mama akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu watu wakacheka.

Alhamisi saa nne asubuhi Fundi Nyagawa, aliyeitwa kwa simu, alifika na jenereta, grenda na mashine ya kuchomelea nyuma ya pikapu.

"Kamwene," alisalimia.

"Kamwene," wakaitikia.

Akalizunguka trekta, akapima matairi kwa macho. Kisha akamgeukia Gaitani. "Ndilo hili, dogo, jekundu?"

Gaitani akaanza kukagua pikapu.

Fundi alilaza mwanzi uliokatwa juu ya boksi la bluu, akatoa nusu ya ziada upande huu na nusu upande ule ili mikono ya kufungia ibaki katikati. Akakata kwa grenda, cheche zikaruka hadi barabarani, akarudisha mbavu mahali pake na kuzichomelea. Akabadilisha pini iliyojikunja. Saa nane mchana boksi la futi tano lilikuwa limefungwa.

Avelina aliushusha mkono wa kulia wa trekta ili upande huo wa wembe ushuke kidogo na kuusogeza udongo katikati. Akashusha, akaondoka. Hatua ya kumi na tano boksi likajaa. Injini ikanguruma, ikazama kidogo, halafu ikashika. Matairi hayakuzunguka bure. Trekta lilitembea kama ng'ombe aliyezoea jembe: bila haraka, bila kusimama. Alipogeuka nyuma, barabara ilikuwa nyekundu na laini kutoka ukingo hadi ukingo wa boksi, na hapakuwa na alama hata moja ya tairi.

Hakupiga kelele wala kunyoosha mkono. Alitazama mbele, maana bado zilikuwa kilomita tatu mara nne.

Alifanya kazi hadi jua lilipozama, na Ijumaa akaanza kulipopambazuka. Watu walimfuata kwa majembe wakizibua mitaro. Gaitani alitembea mbele ya trekta akitoa mawe, bila kuagizwa na mtu. Saa nne na nusu Avelina alimaliza mkondo wa mwisho wa mgongo, akaegesha pembeni. Saa tano lori la kiwanda likakata kona kutoka lami.

Dereva wake alikuwa mtu mwembamba asiyepoteza maneno. Tangi lilikuwa limejazwa maji nusu, ili uzito uwe wa kweli. Alipanda mteremko kwa gia ya pili. Penye zile hatua arobaini za Jumatatu alisimama, na kijiji kizima kikasimama naye. Akashuka, akagonga ardhi kwa kisigino mara tatu, akachungulia mtaro. Kisha akauliza:

"Nani amechonga hapa?"

Watu wakamtazama mwenyekiti, kwa mazoea. Mwenyekiti akamnyooshea mkono Avelina.

Dereva akamtazama, akatazama trekta, akatazama boksi. "Limekukaa," alisema. Akapanda lori. "Jumatatu saa moja. Maziwa yanisubiri, mimi sitayasubiri."

Kikao cha Jumamosi kilikaa kama ilivyopangwa, na dereva akatajwa, ila kwa namna nyingine. Halafu mtu mmoja asiyekuwepo Jumatano akauliza kwa nini mwanzi wa kijiji umekuwa mfupi. Wengine wakainamisha vichwa ili mwenyekiti asione aibu. Mwenyekiti Kilasi akasimama, akaushika wima mbele yake, ukamfika chini ya kidevu badala ya kumpita kichwa.

"Sisi tulikuwa na barabara ya mianzi miwili, tukataka boksi la mwanzi mmoja," alisema. "Lilipotushinda, tukaogopa, tukachukua lolote linalovutika. Mara zote mbili tuliangalia kazi na hofu yetu. Hatukumwangalia anayevuta. Boksi hupimwa kwa matairi, si kwa barabara. Hilo nimelijua kwa binti wa Mtewele, na limenigharimu futi mbili."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi, lakini kabla ya mwezi kwisha watu walikuwa wanalisema. Baba mmoja alipotaka kujenga msingi wa vyumba tisa kwa mshahara wa ulinzi, aliambiwa. Na kijana aliyevuna magunia hamsini halafu akajenga ghala la magunia kumi kwa kuogopa macho ya watu, naye aliambiwa vilevile, maneno yaleyale.

Mzee Ngole alivuta kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa; akainywa hivyohivyo.

"Mnaona kwa nini haimaanishi usijikweze," alisema. "Boksi la futi nne lilikuwa nyenyekevu sana. Liliharibu barabara kwa unyenyekevu. Haya, Shukuru. Tangi lako la lita elfu tatu umelipimaje?"

Shukuru alitazama namba yake ubaoni. "Ng'ombe wanaongezeka, babu. Tumepima soko. Mnunuzi alisema anaweza kuchukua hata lita elfu tatu kwa siku."

"Hiyo ni barabara. Matairi yetu ni yapi?"

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Maziwa tunayokamua."

"Ni kiasi gani?"

"Masika lita mia nane," Shukuru alisema. "Kiangazi mia tano."

"Ukimwaga lita mia tano ndani ya tangi la elfu tatu, mkono wa kukorogea utayagusa maziwa?"

Shukuru alifungua kijitabu cha tangi, akatafuta mchoro, akaupima kwa kidole. "Hautayagusa. Utakoroga hewa."

"Na ukichukua la mia tano?"

"Masika tutamwaga lita mia tatu kila siku."

"Basi hesabu imo mikononi mwenu. Mimi nimestaafu."

Shukuru aliifuta namba ubaoni kwa kiganja. Hakuandika nyingine. Alisema kwanza watapitia daftari la mpima maziwa, mwezi kwa mwezi, na kikao kitaendelea kesho.

Nje mvua ilikuwa imepita na uwanja ulikuwa tope. Mlangoni mwa kituo, kama kila siku, vijana waliokuwa wakitoka na kuingia walikwangua viatu vyao kwenye kipande cha chuma kilichosimikwa kwenye saruji, chenye urefu wa futi moja, rangi ya bluu ikiwa imebaki kwenye pembe tu. Shukuru alikuwa amekikanyaga tangu alipokuwa darasa la kwanza. Sasa aliinama, akapitisha kidole kwenye ukingo wake, akakuta mistari midogo ya grenda.

"Babu," aliita kutoka mlangoni. "Ni hiki?"

"Ni nusu ya kilichokatwa. Nusu nyingine iko kwa Avelina, anawekea chungu."

Shukuru akakwangua kiatu cha kushoto, akakwangua cha kulia, akasimama wima.

"Boksi hupimwa kwa matairi," alisema.

Na wenzake waliokuwa nyuma yake, kila mmoja akingoja zamu ya kukwangua tope, wakamalizia: "Si kwa barabara."